Nukta Sita Chini ya Mstari

Bwenini, Mkoa wa Kati
14 Oktoba 2012

Shangazi Konadu mpendwa,

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu yeyote, na naona nianze nacho kabla sijaogopa. Ile karatasi ya grafu uliyonifungia karanga wakati wa likizo, yenye nukta zilizounganishwa na mistari mitatu ya kulala, sikuitupa. Niliinyoosha, nikaifuta mafuta, na sasa inakaa ndani ya kamusi yangu. Wenzangu wamebandika wacheza mpira kwenye makabati yao. Mimi nikiwa peke yangu nafungua kamusi na kuziangalia nukta zako.

Sasa nimesema. Naomba usicheke, au ukicheka, iwe kidogo.

Pokea heshima zangu. Mama ameniandikia kwamba bibi yetu Nana amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi kila mahali, kwa hiyo nyumba nzima inafagia kutwa. Wadogo zangu mapacha wamefukuzwa kwenye kwaya kwa kucheka wakati wa kuombea wagonjwa. Mimi nimepewa zamu ya maktaba, na ninaipenda kwa sababu mle ndani ukikaa kimya hakuna anayekuuliza una nini.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya wazazi. Baba hakuja. Mama anasema bomba la maji la kampuni yenu limeshatoka Adansi, na Baba na vijana wake wanachimba mtaro wakija upande huu wa pwani. Nilidhani kwa kuwa kila wiki anasogea karibu yangu, safari hii angefika. Je, ni mzima?

Swali langu hasa ni hili. Mistari ile mitatu ni ya nini? Na kwa nini nukta zinaruka juu na chini kama kuku kwenye ua, lakini hakuna hata moja inayovuka uzio?

Mimi wako,
Frema


Kumasi
5 Novemba 2012

Frema, mtoto wa mdogo wangu,

Nimecheka, tena sana, mpaka karani wa meza ya pili akauliza kama nimeposwa. Nikamwambia kuna msichana wa miaka kumi na sita anayetunza grafu yangu kama picha ya mchumba. Akasema, "Huyo usimtafutie cheti cha kuzaliwa. Ni wenu."

Huku tuko salama. Mgongo unanikumbusha umri wangu kila nikiinama, na jirani amenunua jogoo asiyejua saa. Haya, kazi.

Chukua mtaro wa bomba. Kila mita ina bei yake kwenye mpango: kuchimba, kulaza bomba, kufukia. Wiki ikiisha nauliza mambo mawili. Kazi iliyokamilika, kwa bei ya mpango, ina thamani gani? Na tumetumia fedha ngapi kuifanya? Nagawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikitoka 1, kila cedi iliyotoka imerudi kama kazi ya cedi nzima. Ikitoka 0.90, pesewa kumi zimepotelea njiani. Ukigawanya kwa kazi iliyotakiwa kuwa imefanyika hadi siku hiyo, badala ya fedha, unapata kama tunakwenda kwa mwendo au tunajikokota. Lakini shika neno "iliyokamilika". Mabomba mapya yaliyopangwa kando ya barabara wakubwa hupiga nayo picha. Mimi siyahesabu mpaka yameingia ardhini.

Kila nukta ni wiki moja. Mstari wa katikati ni wastani. Na hapa ndipo mabosi wanapopotea. Bosi wangu, Mhandisi Agbeko, ni mtu mwema mwenye ugonjwa wa simu. Nukta ikishuka kidogo, anampigia nyapara na kumfokea. Wiki inayofuata nukta inapanda, naye ananiambia, "Umeona, Konadu? Nimefoka, wamechapa kazi." Ingepanda hata kama angekuwa amelala. Kazi inapumua, Frema. Wiki hii mwamba, wiki ijayo udongo laini, wiki nyingine fundi ana msiba kwao. Mistari miwili ya nje inanionyesha pumzi hiyo ina upana gani. Napima kila nukta imeruka kiasi gani kutoka kwa iliyotangulia, natafuta wastani wa miruko hiyo, nazidisha kwa 2.66, naongeza juu ya mstari wa katikati na kutoa chini yake. Hiyo 2.66 usiniulize leo. Kwetu katikati ni 0.97 na wastani wa miruko ni 0.04, kwa hiyo mstari wa chini unakaa karibu na 0.86.

Nukta ikiwa ndani ya mistari, kaa kimya. Ikitoka nje, kuna jambo limetokea, nenda ukaulize. Ukaulize, sijasema ukakamate. Nukta haina kidole cha kumnyooshea mtu.

Ninachojivunia kuliko shahada yangu ni Alhamisi. Agbeko ametoka Volta, hakuwa na habari kwamba kwetu Adansi siku ya Alhamisi ardhi inapumzika. Nilibishana naye mwezi mzima. Nilimwambia, "Mpe Mwadansi jembe siku hiyo, jioni atakurudishia likiwa safi." Mwishowe akaitoa kwenye ratiba. Siku hiyo hatulikodi katapila wala hatulipi vibarua, na hatupotezi kitu.

Baba yako ni mzima.

Nakutumia chupa ya pilipili ya shito. Ni yako, si ya bweni.

Baba yako wa kike, mwenye hereni,
Konadu


Bwenini
2 Desemba 2012

Shangazi mpendwa,

Pilipili ilifika salama na ikaisha siku hiyohiyo. Walinusa. Ninaomba radhi.

Nana sasa anasema miwani ile imempa maadui, kwa sababu anaona nani hamwamkii barabarani. Mama ana mafua. Mimi nilikuwa wa pili kwenye jiografia.

Nimejaribu. Darasa letu linashona mapazia ya bwalo la chakula. Nilihesabu mapazia yaliyokwisha kutundikwa tu, si vitambaa vilivyonunuliwa, nikagawanya kwa fedha kama ulivyonifundisha. Wiki moja mwalimu wetu wa ushonaji alitwambia tumelala. Niliangalia nukta yangu nikaona tulikuwa tunapumua tu. Sikuthubutu kumwambia. Araba, jirani yangu wa kitanda, aliuliza ninachora nini nikasema ni ramani. Araba ni Mfante wa hapahapa, na kila kinachomjia kichwani kinatokea mdomoni, kwa hiyo si mtu wa kumwonyesha vitu.

Shangazi, kuhusu Baba uliandika maneno manne. Barua yote ilikuwa kurasa tatu.

Mimi wako,
Frema


Kumasi
13 Januari 2013

Frema wangu,

Heri ya mwaka mpya. Najua sikuja nyumbani Krismasi. Nana amenipigia kusema kwamba nimekuwa mgeni rasmi, natoa salamu kwa barua. Nilisingizia kazi. Kazi ilikuwepo, hilo si uongo.

Wewe ndiwe mtu pekee wa ukoo ninayeweza kumsimulia hili bila kupigwa miayo. Tuna vikosi vitatu vya kuchimba. Kimoja kilivuka mto mwishoni mwa Novemba kikaingia vijiji vya Wafante, Ansakrom na kuendelea. Tangu kivuke, tukiiacha wiki ya Krismasi, nukta zake ni hizi: 0.79, 0.76, 0.78, 0.80, 0.77, 0.78. Sita, zote chini ya mstari wa nje. Hii haiwezi kuwa pumzi.

Na kila wiki nyapara wake anaandika sababu ileile ya kupoteza muda: mvua. Mvua, Frema, msimu wa harmatani. Midomo imetupasuka sote, hapa Kumasi hata mbuzi wanakohoa vumbi, yeye peke yake ananyeshewa.

Mhandisi Agbeko ana hakika kwamba nyapara huyo anakodisha katapila letu kwa watu wanaojenga nyumba zao, halafu anaficha kwa mvua. Kikao kitakuwa tarehe 27 Februari. Akishindwa kujieleza, anaondolewa. Na nyapara aliyeondolewa kwa sababu hiyo hapati kikosi kwa mkandarasi mwingine yeyote. Habari hizo husafiri haraka kuliko sisi.

Hilo faili silishiki mimi. Nakusimulia kama kisa tu.

Soma. Kula. Usilale na soksi mbichi.

Konadu


Bwenini
27 Januari 2013

Shangazi mpendwa,

Tumefungua shule salama. Mapacha wamerudishwa kwenye kwaya kwa sharti kwamba wakae mbalimbali. Mama amepona mafua.

Ni Baba.

Krismasi alikaa nyumbani siku moja. Alimletea Mama samaki wa kukausha, Mama akamsifia, naye akasema wa Ansakrom ni nafuu kuliko wa sokoni kwetu. Baada ya hapo hakusema mengi. Mama alimwuliza habari za kazi, akajibu, "Kazi ni kazi." Unajua Baba huwa hajibu hivyo. Baba ukimwuliza habari za koleo lililovunjika unapata hadithi ya nusu saa.

Sijakasirika kwamba ulimwita "nyapara wake". Nadhani ulitaka nijue bila wewe kulitamka. Mimi pia nafanya hivyo, ndiyo maana nimekujua.

Lakini ulinifundisha kwamba nukta ikitoka nje, mtu anakwenda kuuliza. Umemwuliza?

Kama zipo, naomba namba za kila siku badala ya za wiki.

Mimi wako,
Frema


Kumasi
11 Februari 2013

Frema,

Nilikaa na barua yako muda mrefu. Sina habari za nyumbani leo, nisamehe.

Ndiyo, ni Ntim, ni baba yako. Agbeko aliniita ofisini kwake akafunga mlango. "Konadu," aliniambia, "nakuheshimu. Huyo ni ndugu yako wa tumbo moja. Ukimpigia simu kabla ya kikao nitalazimika kusema kwamba umempangia majibu." Kwa hiyo sijapiga. Naye Ntim hajanipigia.

Nikuambie na sehemu ambayo Agbeko haijui. Hata asingenikataza, sijui kama ningepiga. Baba yako tangu mtoto hakuweza kusema uongo. Akiiba samaki jikoni alikuja kukiri samaki angali mdomoni. Sasa mtu huyohuyo anaandika mvua Januari, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko wake mzuri ule. Naogopa kumwuliza nikapata jibu.

Namba za kila siku anazo mtunza mashine. Sisi ofisini tunapokea jumla ya wiki tu, na hakuna aliyewahi kutaka zaidi.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwandikie baba yako kuhusu jambo hili. Barua ikionekana, watasema mimi ndiye niliyekutuma.

Nakupenda, hata nikiandika vibaya.

Konadu


Bwenini
17 Februari 2013

Shangazi mpendwa,

Pokea heshima zangu. Wote wazima. Naandika haraka kwa sababu mhasibu wetu wa shule anasafiri kuja Kumasi wiki hii na amekubali kukuletea barua mkononi. Kumwomba kulinichukua asubuhi nzima. Nilipita mbele ya mlango wake mpaka akatoka kuuliza kama nimepoteza kitu.

Alhamisi bweni letu lilichelewa kwenye gwaride, tukaadhibiwa kuchimba mashimo ya michungwa nyuma ya bwalo. Kiranja akanipa jembe. Nikalishika nikasimama.

Araba akasema, "We Frema, hilo jembe si kitabu. Halifunguki."

"Leo ni Alhamisi," nikamwambia. "Kwetu hatuchimbi. Ardhi ilizaliwa Alhamisi, ndiyo maana jina lake Yaa."

"Yaa gani?" Aliweka jembe chini kabisa apate nafasi ya kunicheka. "Ardhi inaitwa Efua. Imezaliwa Ijumaa. Ninyi watu wa msituni hata siku ya kuzaliwa ya mama yenu mnabahatisha?"

"Ni Yaa."

"Ni Efua, bibi. Kesho tembea kijiji hiki chote. Ukimkuta mwanamke mmoja na jembe shambani, nitakufulia sare muhula mzima."

Kiranja anatoka Accra. Akasema, "Yaa au Efua, mashimo ni kumi."

Nilichimba, Shangazi, uniombee. Lakini nilikuwa nachimba huku nahesabu. Vikosi vyenu vinafanya kazi siku sita, wewe ukatoa Alhamisi, zikabaki tano. Upande wa kaskazini wa mto hilo ni sahihi. Upande wa kusini Alhamisi ni siku kama nyingine, na siku ya kutochimba ni Ijumaa. Kama huko Baba hachimbi Ijumaa, na Alhamisi hajapewa katapila wala vibarua, basi amebakiwa na siku nne, lakini kampuni inalipia tano.

Nne ya tano ya 0.97 ni 0.776. Wastani wa nukta zako sita ni 0.78.

Mwizi gani anaiba siku moja kamili kila wiki, hazidishi wala hapunguzi? Mtu anayekodisha mashine kwa siri angekodisha mteja akitokea, leo nusu siku, wiki ijayo mbili. Nukta zake zingeruka ovyo. Hizi zimekaa karibukaribu kuliko hata zile za zamani. Zimeshuka zote pamoja na kutulia, kama vile mtu ameteremsha sakafu.

Katapila lina mita inayohesabu saa za injini kufanya kazi. Mwulizeni mtunza mashine mita ya Ijumaa ilisoma nini.

Huenda nimekosea. Ni hesabu tu, na mimi sijafika huko.

Mimi wako,
Frema


Kumasi
4 Machi 2013

Frema, mwanangu,

Barua yako ilinifikia Jumanne tarehe 26, siku moja kabla ya kikao. Mhasibu wenu alipitia mazishi kwao kwanza, na mazishi unayajua, hayana saa ya kuisha. Lakini iliponifikia nusu ya jambo nilikuwa nalo.

Ijumaa iliyotangulia, saa sita mchana, simu yangu ililia. Ntim.

"Dada, nina jambo."

"Nimekatazwa kuongea na wewe."

"Basi usiongee. Sikiliza."

Nikasikiliza. Ijumaa ya kwanza baada ya kuvuka mto, mama mkuu wa Ansakrom, malkia anayekaa kando ya chifu, alikuja na wanawake wa kijiji, wakaketi kwenye mtaro. Hawakupiga kelele. Walimwuliza kama kwao watu humchimba mama yao siku yake ya kuzaliwa. Ntim akawapa neno lake kwamba Ijumaa hakuna udongo utakaofunguliwa. Halafu jioni akakaa kujaza ripoti. Ripoti ile ina sehemu tatu za kueleza muda uliopotea: mvua, mashine mbovu, ugonjwa. "Mashine ilikuwa nzima," akaniambia. "Nikiandika mbovu, fundi angeulizwa. Nikiandika ugonjwa, wangetaka majina. Mvua haina mwenyewe, Dada, haimponzi mtu." Aliogopa kwamba akisema ukweli ofisi itatuma polisi wasimamie katapila, na yeye neno alishalitoa. Alikuwa tayari kufukuzwa.

Ripoti hiyo, Frema, niliitengeneza mimi. Na ratiba ni yangu. Nilijisifu kwako kwamba najua siku ya ardhi, kumbe nilijua ya kwetu tu, nikaivusha mto.

Kwenye kikao nilimwachia Ntim aongee kwanza. Agbeko akasema, "Hadithi nzuri." Ndipo nikaweka hesabu yako mezani, na mtunza mashine akasoma mita. Kila Ijumaa, saa sifuri. Siku nyingine zote za kazi saa kamili. Katapila halikwenda kwa mtu yeyote. Agbeko alivua miwani, akauliza, "Sasa hii Ardhi ina siku ngapi za kuzaliwa?"

Nikamjibu, "Inategemea unachimba wapi, bosi."

Alicheka, asante Mungu. Ntim anabaki na kikosi chake. Amepewa barua ya onyo kwa ajili ya mvua zake zote, na ameipokea kwa mikono miwili, kwa sababu uongo ulikuwa uongo. Mimi nimeambiwa niandike ratiba upya. Kusini mwa mto, Alhamisi vibarua Wafante watafungua mtaro, na vijana wetu wa Adansi, ambao hawataki kusikia habari za Efua, wataunganisha mabomba. Ijumaa hakuna jembe, tunajaza maji na kupima mabomba kama yanavuja. Wiki ya kwanza imetoa 0.94. Agbeko alitaka kushangilia nikamzuia. Nukta moja haisemi kitu.

Kuna swali moja limebaki. Ntim na ukaidi wake wote ule, nani alimfanya apige simu? Nimemwuliza mara mbili. Anasema tu, "Nilipata mgeni," kisha anabadilisha mazungumzo.

Baba yako mwenye hereni,
Konadu


Bwenini
10 Machi 2013

Shangazi mpendwa,

Pokea heshima zangu. Nana amekalia miwani yake na amani imerudi nyumbani. Nashukuru kwa mambo yote uliyoandika. Niliisoma barua yako maktaba, na kwa mara ya kwanza nimeambiwa ninyamaze.

Ulinikataza kumwandikia Baba. Sikumwandikia.

Baada ya kumpa mhasibu barua nilihesabu siku, nikaona huenda isifike kwa wakati. Alhamisi jioni nilikwenda kwa matroni kuomba ruhusa ya kutoka kesho yake. Akauliza sababu. Nilikuwa nimetunga jino linaloniuma, lakini mdomo ulikataa. Nikasema, "Nataka kumwuliza baba yangu swali."

"Swali gani lisiloweza kungoja likizo?"

"Likingoja, hatakuwa na kazi."

Aliniangalia, kisha akasaini. Nadhani hajawahi kunisikia nikisema sentensi mbili mfululizo.

Nilifika Ansakrom kabla ya saa sita. Mtaro ulikuwa wazi, hakuna mtu ndani. Vijana walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Baba alikuwa ameketi kwenye kivuli cha katapila. Aliponiona alisimama haraka.

"Shule imeungua?"

"Hapana, Baba. Nimekuja kuuliza."

"Uliza."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani na yote yakapotea. Nikasema, "Mbona leo hamchimbi?"

Alilitazama katapila. Halafu akasema, "Mvua."

Niliangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa vumbi na jua limekaa katikati. Nilipomrudishia macho, Baba ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka vijana wakaacha mchezo wao, na mwisho wa kucheka alijifuta uso kwa kofia. Kisha akanisimulia yale yale aliyokusimulia wewe.

Nikamwambia, "Mwambie Shangazi."

"Konadu atasema nimemharibia mstari wake."

"Mstari haufoki, Baba. Unauliza tu. Umekuuliza kila wiki na wewe umejibu mvua."

"Na wewe tangu lini unaongea hivi?"

Nikageuka. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa katapila. Nilitoa simu mfukoni, nikabonyeza namba yako, ambayo naijua kwa kichwa, nikangoja mpaka ikaanza kulia, nikamkabidhi. Aliishika kama kitu cha moto. Nikaondoka ili nisisikie.

Nilikwenda kwa mama anayeuza kenkey, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, kando ya barabara, nikanunua mbili na samaki, nikarudi taratibu na kumwekea Baba za kwake kwenye kiti cha katapila. Alikuwa bado anaongea, amenipa mgongo, na mkono wake mwingine ulikuwa unachora mstari hewani. Sikumuaga. Nilitembea mpaka barabara kuu, nikapata gari la kurudi, nikafika kabla ya kuhesabiwa. Nikampelekea matroni karatasi yake ya ruhusa, nikaosha viatu, nikaenda kula.

Mimi wako,
Frema